Korido ndefu, wahudumu hoi: turekebishe wapi kwanza?

Swali: Nasimamia makao ya wazee yenye vyumba 24, vyote kwenye korido moja. Stoo ya shuka iko mwisho huku, chumba cha wauguzi mwisho kule. Wahudumu wanalia miguu. Wazee wawili wenye demensia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu) hawakubali kabisa kukanyaga zulia jeusi la mapokezi. Hela ya kubomoa hatuna. Tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu, hilo zulia litoeni leo. Mwenye demensia anaweza kuona weusi sakafuni akadhani ni shimo, kwa hiyo wanachofanya wazee wako si ukaidi, ni woga wa kutumbukia. Vigae vinavyong'aa navyo humdanganya kuwa pana maji. Sakafu iwe ya rangi moja, isiyometameta.

Kisha ingia chumba kimoja, ulale kitandani, kichwa juu ya mto. Choo unakiona? Kama mlango wake umejificha nyuma ya kabati, mzee anayeamka saa nane usiku atapapasa kuta mpaka aanguke, au ajikojolee, na hapo mhudumu ana shuka za kubadilisha na mtu wa kuogesha. Geuzeni kitanda. Wekeni taa hafifu karibu na sakafu, na kiti cha choo cha rangi iliyokolea, maana cheupe kwenye vigae vyeupe hakionekani. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban theluthi tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20.

Kuhusu miguu, mfuateni mhudumu mmoja zamu nzima, mhesabu safari zake za stoo. Mimi sichori kitu kabla ya hesabu hiyo, na mara nyingi korido yenyewe haina kosa; vitu ndivyo vilivyokaa pabaya. Kabati dogo la shuka, glavu na nepi kwa kila vyumba sita litapunguza mwendo mwingi.

Mkija kujenga upya, achaneni na korido. Huko Tupelo, Marekani, tangu 2003 kuna nyumba za wazee 10 kila moja, ambamo mhudumu yuleyule anayemwogesha mzee ndiye anayepika jikoni, mbele ya macho yake.

Nitumie mchoro wa vyumba pamoja na hesabu ya safari za usiku, nikuoneshe makabati yakae wapi.