Tuta la bwawa linavuja, ni kawaida?

SWALI: Habari mhariri, kijijini kwetu tuna kabwawa ka udongo kalijengwa kuzuia mafuriko ya korongo, sasa mvua hizi naona maji yanachuruzika chini ya tuta upande wa mashamba, wazee wanasema kawaida tu ila mi roho haitulii. – Msomaji, Kilosa

JIBU: Ndugu yangu, chota hayo maji kwenye glasi uyaangalie. Yakiwa maangavu afadhali, tuta la udongo huwa linavuja kidogo, we endelea kuyacheki kila siku. Ila yakiwa na tope ujue udongo wa ndani unabebwa na tundu linapanuka, hapo toeni kwanza watu wote wa bondeni hata iwe usiku wa manane ndo mumpigie mhandisi wa maji wa wilaya. Solai kule Nakuru, Mei 2018, bwawa la udongo lilipasuka usiku, watu zaidi ya 40 wakafa, jamani.

Afu ile njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada, haijazibwa na magogo? Maji yakipanda juu ya tuta yanalila haraka sana. Na miti msiiache iote pale, mizizi ikioza inaacha mashimo, pandeni nyasi tu.