Parasakthi (1952): Karunanidhi aliandika, hakuongoza
Wengi hudhani Karunanidhi, mwandishi na mwanasiasa wa India Kusini, ndiye aliyeiongoza Parasakthi, filamu ya Kitamil. Hapana ndugu, hakuiongoza. Waongozaji ni wawili waliofanya kazi pamoja, Krishnan na Panju, ndiyo maana majina yao huandikwa kama jina moja: Krishnan–Panju. Karunanidhi aliandika skripti na mazungumzo, na hata kisa chenyewe kilitokana na mchezo wa jukwaani wa Pavalar Balasundaram. Ukitazama majina ya mwanzo wa filamu utaona.

Watu wanachanganya kwa sababu maneno yake ndiyo yaliyoibeba filamu. Angalia ile sehemu ya mahakamani: mhusika mkuu Gunasekaran, yaani mwigizaji Sivaji Ganesan katika filamu iliyomtambulisha, amesimama kizimbani na anakiri kwamba alifanya vurugu hekaluni na kumpiga kuhani. Halafu anasema hakufanya hivyo kwa kupinga mahekalu, bali mahekalu yasigeuke maficho ya waovu. Anayamwaga yote hayo kwa Kitamil kilichopangwa kwa mizani, karibu bila kupumua. Na hakimu anayemsikiliza ni kaka yake mwenyewe! Mitaani Madras (sasa Chennai) watumbuizaji waliyakariri mazungumzo yale vipande virefu virefu.

Ila usidhani ni filamu ya burudani tupu. Karunanidhi alikuwa mtu wa DMK, chama cha siasa cha Watamil, na hoja za chama zimejaa humo. Uwaziri mkuu wa jimbo la Tamil Nadu aliupata baadaye, 1969.