Mfumuko umeshuka, mbona bei hazishuki?

Swali: Redioni wamesema mfumuko wa bei umeshuka. Nimekwenda soko la Mwanjelwa, mchele wa Kyela uko palepale na mafuta ya kula yamepanda. Ni Kiswahili kibovu, au tunadanganywa? Na je, ni "mfumko" au "mfumuko"? Msomaji, Mbeya.

Jibu: Hukudanganywa, ila hukufafanuliwa. Mfumuko ni kasi ya bei kupanda, si bei yenyewe. Tuseme debe la mahindi lilikuwa shilingi 10,000, mwaka uliofuata likawa 11,000, mwaka huu 11,550. Mfumuko umetoka asilimia 10 hadi 5, na bado wewe mnunuzi unatoa hela nyingi zaidi. Mtangazaji angesema "kasi ya bei kupanda imepungua", na "kushuka" akaachia bei zenyewe. Tena mchele peke yake ukipanda kwa sababu ya ukame Mbarali, huo si mfumuko. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima bei za bidhaa na huduma nyingi kwa pamoja.

Linalonisumbua zaidi ni kitenzi chenyewe. Tuna fuma, fumua, fumuka. Sweta likifumuliwa, yupo aliyelifumua. Likifumuka, mtendaji hatajwi. Basi tukisikia bei zimefumuka sisi wenyewe tunamtafuta mtendaji, na wa kwanza kuonekana ni mwenye duka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1983, serikali ilipowasaka walanguzi na wahujumu uchumi nchi nzima.

Lakini chanzo hakikuwa madukani tu. Tangu katikati ya miaka ya 1970 shirika la umma la usagishaji, NMC, lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Mbozi au Njombe alilipwa sawa na wa jirani na Dar es Salaam, gharama ya lori ikabaki kwa shirika. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini wanaikumbuka bei ile kwa shukrani, na wana haki. Ila hasara ya NMC ilizibwa kwa mikopo ya benki ya umma, fedha zikazidi bidhaa. Ukame, mafuta ya petroli ghali na vita vya Kagera vilichangia pia, na mfumuko ukakaribia asilimia 30 kwa mwaka. Tume ya Bei, iliyoundwa 1973, ilipanga bei za madukani. Sabuni na sukari zikauzwa mlango wa nyuma. Wachumi wa soko huria kama Milton Friedman husema chanzo cha mfumuko ni wingi wa fedha, na kwa habari ya NMC naona wanasema kweli.

Kwa hiyo andika "wafanyabiashara wamepandisha bei" pale tu unapojua ni wao. Kama hujui, "bei zimepanda" inatosha. Na kama serikali imeziba pengo la bajeti kwa kukopa benki kuu, iandikwe hivyo hivyo, mtendaji akiwa mwanzoni mwa sentensi.

Kuhusu tahajia: "mfumko" utaliona magazetini, lakini kwa kuwa kitenzi ni fumuka, mimi huandika "mfumuko".