Nimeweka tairi pana nyuma, sasa pikipiki nzito mlimani

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni bodaboda huku Lushoto, ruti zangu ni Soni, Mombo na vijijini huku juu, nabeba abiria na msimu ukifika nabeba viazi na kabeji. Pikipiki yangu ni cc 125, tairi ya nyuma ilikuwa 3.00-17, mwezi uliopita nkaweka 110/90-17 maana mvua zilikuwa zinanitelezesha kwenye tope. Kiukweli utelezi umepungua, ila mlima niliokuwa napanda na gia ya tatu saivi narudi ya pili, na nikiondoka na mzigo nasikia harufu ya klachi. Nimehesabu meno ya sproketi (zile duara za meno zinazobeba cheni), mbele 14 nyuma 42. Kijiweni mmoja anasema weka 48 nyuma, mwingine anasema punguza mbele, mwingine anasema rudisha tairi yako ya zamani yaishe. Na mita ya spidi je, itakuwa inadanganya? Cheni nayo imeshaanza kuchoka, nataka ninunue vitu mara moja tu kaka yangu, hela ni ya mawazo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya jambo moja zuri sana, umehesabu meno kabla ya kuuliza, wengi wanakuja wananiambia tu "nipe sproketi kubwa" ukimuuliza kubwa kuliko ipi hajui.

Kilichotokea ni kwamba umebadilisha gia zako zote tano bila kufungua injini. Tairi yako ya mwanzo ikizunguka mara moja pikipiki inasogea kama sm 183, hii mpya inasogea kama sm 197, maana haikupanuka tu, imepanda juu pia. Hiyo 90 iliyoandikwa pale ni asilimia, yani kimo cha tairi ni asilimia 90 ya upana wa milimita 110, sawa na milimita 99, wakati ya zamani, ambayo 3.00 yake ni inchi, kimo chake kilikuwa kama milimita 76. Sasa injini ile ile inalazimishwa kusukuma hatua ndefu zaidi kwa karibu asilimia 8, ndo maana ya tatu imegoma na wewe unaibembeleza kwa klachi mpaka inanuka. Hiyo harufu usiizoee, ni sahani za klachi zinaungua.

Usiniamini mimi kwa hizo sm, pima mwenyewe. Jaza upepo wa kawaida, simamisha pikipiki kwenye sakafu ya saruji, chora mstari wa chaki kwenye tairi pale chini kabisa inapogusa na uendelee nao mpaka sakafuni. Kaa juu, mwenzako aisukume taratibu ikiwa imenyooka mpaka ile chaki ya tairi irudi tena chini, piga alama ya pili sakafuni, pima kati ya alama kwa futi ya fundi nguo au ya seremala. Alafu fanya hivyo hivyo kwa pikipiki ya mwenzako ambaye bado ana 3.00-17. Ukae juu kweli, maana tairi ikibeba mtu inabonyea kidogo na ndivyo inavyotembea barabarani.

Sasa meno. 42 gawa kwa 14 unapata 3, yani sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ndo gurudumu lizunguke mara moja. Kwaiyo zamani kila mzunguko mmoja wa sproketi ya mbele ulikuwa unakusogeza sm 61 (183 gawa kwa 3). Hiyo 61 ndo namba unayoitafuta, iandike hata kwenye tanki. Kwa tairi mpya na meno yale yale unasogea karibu sm 66. Ukiweka 13 mbele na kuacha 42 nyuma, unarudi kwenye 61 ile ile, karibu kabisa. Ukiacha 14 mbele na kuweka 45 nyuma unapata 61 na pointi kidogo, nayo sawa. Yani kwa pikipiki yako jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma. Ile 48 ya kijiweni inakupeleka kwenye sm 57 na nusu, utapanda mlima vizuri ndiyo ila ukifika tambarare ya Mombo injini inalia na spidi huna, na mafuta utayaona yanavyokwenda.

Mimi kwako nachagua 13 mbele, na sababu yangu kubwa siyo bei ingawa sproketi ya mbele ni rahisi kuliko ya nyuma. Ni nafasi. Tairi yako mpya imeongezeka kama sm 2 na kitu kila upande wa duara, kwaiyo imeshasogelea swing'amu (ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) kule mbele yake na madgadi kule juu. Ukiweka 45 kwa cheni ya urefu ule ule, cheni inataka pini zaidi, gurudumu linavutwa mbele kama sm 1, yani unaipeleka tairi pale pale ambapo haina nafasi. Hili nimeliona kwa macho. Nilipokuwa najifunza kazi Tanga tulimfungia mteja tairi pana na sproketi kubwa siku moja, ikiwa imesimama kila kitu kilipita, kidole kilikuwa kinaingia kati ya tairi na chuma. Akaondoka na gunia mbili. Aliporudi tairi ilikuwa imekwanguliwa mstari katikati mpaka nyuzi zinaonekana, maana tope lilijaa pale kwenye kanafasi kadogo likakauka na kuwa kama msasa. Yule baba alinunua tairi ile kwa jasho lake, na mpaka leo ikija pikipiki yenye tairi kubwa naingiza kidole kwanza ndo naongea bei. Ukiweka 13 gurudumu linarudi nyuma milimita kama 3, unapata nafasi badala ya kuipoteza.

13 ina ubaya wake pia nikuambie. Cheni inakunjwa zaidi kwenye duara dogo kwaiyo inachakaa mapema, na inashuka karibu na swing'amu, kagua ile raba inayozuia cheni isikwangue chuma, kama imeisha badilisha siku hiyo hiyo. Ukienda dukani beba sproketi yako ya zamani, linganisha matundu ya bolti na meno ya ndani yanayoshika shafti, siyo idadi ya nje tu. Na kwa kuwa cheni imechoka, ivute kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ikiinuka mpaka unaona nusu ya jino, imekwisha hiyo, nunua seti nzima yenye 13 na 42, usifunge sproketi mpya kwa cheni ya zamani, italiwa ndani ya muda mfupi. Cheni mpya hesabu pini ziwe sawa na ile yako ilipokuwa mpya, alafu ukiikaza iache icheze sm 2 hadi 3 katikati ukiwa na uzito juu.

Jambo ambalo hukuuliza ila linanisumbua mimi: kushuka. Kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kilomita 30 na kitu za kona na mteremko, na tairi kubwa kwa meno ya zamani inapunguza nguvu ya injini kukushikilia ukiachia resi, breki ya nyuma inabeba kazi yote na inachemka. Kwaiyo mpaka ufunge hiyo 13, shuka na gia moja chini ya uliyozoea, na viazi punguza.

Mita ya spidi angalia waya wake unaingia wapi. Kama unatoka gurudumu la mbele, haijaguswa, inasema kweli kama zamani. Kama unatoka kwenye injini, saivi inasoma pungufu, na ukifunga 13 inarudi ilivyokuwa.

Halafu rimu, soma namba iliyogongwa kwenye chuma. Kama ni 1.60 au 1.85 (ni upana wa rimu kwa inchi) hiyo 110 imebanwa mabega, imekuwa duara juu, mguso wake haujapanuka kama ulivyotegemea. Tairi hii ikiisha jaribu 100/90-17, mzunguko wake ni kama sm 192, na meno 13 kwa 41 yatakurudisha kwenye 61 ukiipata sproketi, hata 42 haitakusumbua.

SWALI: Niko Dodoma, nyuma nimefungiwa 2.75-17 badala ya 3.00-17 kwa sababu ndo ilikuwepo dukani. Nibadilishe sproketi?

JIBU: Hapana. Tofauti ni kama sm 4 kwa mzunguko, asilimia 2, hutaisikia. Ukiongeza jino moja mbele utakuwa umeruka asilimia 7, unaharibu. Kinachonitia wasiwasi ni mzigo, tairi nyembamba hubeba kilo chache, na wewe abiria unapakia. Ikipatikana 3.00 rudisha, hiyo 2.75 ihamishie mbele kama ndo saizi ya pikipiki yako na haijakatika pembeni.