Gereji ya Wasomaji: Njia ya mawe, otomatiki au manyuali?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa kahawa upande wa Kalinzi, hapa Kigoma. Ukiacha lami ya Mwandiga hadi Manyovu, njia ya kwenda shambani kwangu inapanda mlima, na ni mawe matupu. Mengine yanafika magotini, na kila masika udongo unaondoka yanabaki mawe peke yake. Nimejikusanya ninunue gari lililotumika. Nimepata mawili ya bei moja, yote Prado za dizeli: moja otomatiki ya gia 4, jingine manyuali ya gia 5. Shemeji yangu aliyeko Dar anasema nichukue otomatiki, na amenitumia video za Wamarekani wanaopanda majabali kwa otomatiki bila hata kutoa jasho. Dereva mmoja wa mjini Kigoma ananiambia otomatiki kwenye mawe ni kujitafutia kilio. Nimsikilize nani?
Msomaji, Kalinzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shemeji yako hajakudanganya, na dereva naye hajakudanganya. Ila shemeji anatazama kupanda tu. Wewe unapanda gari likiwa tupu na unashuka limejaa magunia, na hapo ndipo penye uamuzi wako.

Nianze na kupanda, maana otomatiki inastahili haki yake. Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga, kuna konveta. Weka feni mbili zikitazamana, washa moja: upepo wake utaizungusha ya pili. Konveta inafanya hivyo kwa oili badala ya upepo, na katikati kuna gurudumu la tatu linaloirudisha oili kwa pembe inayosaidia kusukuma. Ndiyo maana tairi likiwa limekwama nyuma ya jiwe na halizunguki kabisa, konveta inaweza kuongeza nguvu ya injini karibu mara mbili, na injini haizimi. Unaweka mguu wa kushoto kwenye breki na wa kulia kwenye mafuta, unaongeza taratibu, unalegeza breki kidogo kidogo, tairi linapanda jiwe na unalisimamisha pale pale juu. Kwa mtu anayetafuta kupanda jabali kwa utulivu, mimi mwenyewe ningempa otomatiki. Tena haitoi mshtuko: shafti na jointi za mbele haziteswi kama zinavyoteswa na dereva wa manyuali anayeachia klachi kwa pupa huku tairi limebanwa.

Lakini hizo gari za Marekani zina kitu ambacho video haikuonyeshi. Chukua Jeep Wrangler Rubicon ya miaka hii. Gia yake ya kwanza kwenye otomatiki ya gia 8 ni 4.71, gia ndogo ya transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma) ni 4, na difu, yaani gia za kwenye ekseli, 4.1. Zidisha zote tatu upate 77: injini inazunguka mara 77 ndipo tairi lizunguke mara moja. Ya manyuali inafika 84. Sasa njoo kwenye Prado zako. Kwa hesabu ya jumla, ya manyuali ina gia ya kwanza karibu 3.8, gia ndogo karibu 2.5, difu 4.1. Jumla yake ni 39. Otomatiki za Toyota za gia 4 za enzi hizo gia ya kwanza ni 2.8. Ukizidisha hivyo hivyo unapata chini ya 29.

Wakati wa kupanda, konveta inaifidia hiyo tofauti yote, hutaiona. Wakati wa kushuka haifidii chochote. Tairi ndiyo inayosukuma injini, na konveta haizidishi nguvu kurudi nyuma, tena inateleza kidogo. Unabaki na 29 yako dhidi ya 39 ya mwenzio, na magunia ya kahawa mgongoni. Ziwa letu liko mita 773 juu ya usawa wa bahari na milima nyuma ya Gombe inapita mita 1,500, kwa hiyo huku kwetu kushuka ni kushuka kweli. Ukiwa na otomatiki ya namna hiyo utaweka fowili ndogo, yaani hiyo gia ndogo ya transfa, utaweka giaboksi kwenye L, gia yake ya chini, na bado mguu wako utakuwa juu ya breki mteremko mzima. Breki zikipata moto zinaanza kulegea, na njia ya mawe haina bega la kukimbilia.

Ya manyuali, injini ikiwa kwenye mzunguko wa 700 kwa dakika na tairi lenye mzingo wa karibu mita 2.4, kwa 39 ile gari linakwenda kama kilometa 2.6 kwa saa. Mtu anayetembea kwa miguu analipita. Miguu yako yote iko sakafuni, injini yenyewe inalishika gari, breki unaigusa pale tairi linapodondoka kutoka jiwe moja kwenda jingine. Hiyo ndiyo salama ninayotaka uwe nayo.

Kwa hiyo wewe, kwa mzigo wako na mlima wako, chukua manyuali.

Dereva wa mjini nadhani alikuwa na sababu nyingine, nayo ni ya kweli: otomatiki ikigoma huku, spea zake mara nyingi zinasubiriwa kutoka Dar, zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, na si kila gereji itakubali kuifungua. Klachi utafungiwa Mwandiga au Ujiji chini ya mwembe.

Hata hivyo hiyo klachi usiibebee mzaha. Ninapoandika hapa mezani kwangu Mwanga, Kigoma, kuna pleti ya klachi iliyotolewa kwenye gari la mbebaji wa maharage. Uso wake umekuwa mweusi na unang'aa kama kioo, ribiti zimechomoza, na presha pleti yake imegeuka rangi ya bluu na ina nyufa nyembamba kuanzia katikati kwenda nje. Harufu yake bado inajaza chumba. Gari lile lina gia ndogo iliyo nzima kabisa. Dereva hajawahi kuitumia, anasema inachelewesha. Sasa angalia: bila gia ndogo, ile 39 inabaki chini ya 16, na gari kwenye gia ya kwanza linataka kwenda zaidi ya kilometa 6 kwa saa hata hujakanyaga mafuta. Hakuna anayeweza kupita mawe ya magotini kwa mwendo huo, basi dereva anaishi na nusu klachi, na nusu klachi kwenye mlima inaila pleti siku hiyo hiyo.

Wewe fanya hivi. Kabla ya jiwe la kwanza simama, weka fowili ndogo, gia ya kwanza, achia klachi yote, kisha ondoa mguu kabisa kwenye pedali. Usiuache umeegemea pale. Likielekea kuzima, ongeza mafuta kidogo huku umegusa breki. Likizima katikati ya jiwe, usikimbilie klachi, kwa sababu ukiikanyaga tu gari linarudi nyuma kwa uzito wake. Kanyaga breki, vuta hendibreki, liache ndani ya gia. Kwenye gari ambalo stata yake haidai klachi ikanyagwe, unaweza kuwasha likiwa kwenye gia hiyo hiyo: stata inalivuta gari sentimeta chache, injini inashika, unaendelea. Lijaribu jambo hili mahali tambarare kabla hujalihitaji mlimani.

Siku ya kwenda kulitazama gari, usiridhike na kuzungushwa kwenye lami. Dai fowili ndogo iingizwe mbele ya macho yako na gari litembee nayo. Prado nyingi zimeishi mjini maisha yao yote, mkono wa transfa umeganda. Halafu vuta hendibreki barabara, weka gia ya 4, achia klachi taratibu: injini inapaswa kuzima. Ikiendelea kunguruma, klachi imekwisha, na bei ishuke. Na kama ya manyuali ina gia ndogo mbovu na ya otomatiki ni nzima, geuza uamuzi wangu wote, chukua otomatiki. Gia ndogo ndiyo ya kwanza kuangalia, aina ya giaboksi inafuata.

SWALI: Fundi, nina otomatiki, nafanya kazi Uvinza na mara nyingine naitwa upande wa Kalya. Nikishapanda vilima vya mawe kuna harufu ya kuungua chini ya gari, na baadaye linakawia kushika gia. Nizime injini lipoe?
Msomaji, Uvinza

JIBU: Usizime, ndugu yangu. Simama mahali sawa, vuta hendibreki, weka N, acha injini iungurume taratibu kwa dakika kadhaa. Pampu ya giaboksi inazungushwa na injini, ukizima tu ile oili ya moto inabaki ndani ya konveta haiendi kupoa. Wala usimwagie maji.

Oili hiyo kwa kawaida inafanya kazi kwenye nyuzijoto 80 hadi 95 hivi. Ikifika 120 na kuendelea inaharibika haraka. Joto linatoka kwenye kule kuteleza kwa konveta, na linazidi pale unapokanyaga mafuta tairi likiwa halitembei. Kama huweki fowili ndogo, anzia hapo, utashangaa tofauti. Kisha vuta kijiti cha kupimia. Oili nzima ni nyekundu na haina harufu kali. Yako nahisi imekuwa kahawia, kwa hiyo imwagwe, chujio libadilishwe, na uweke aina ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukipata fundi wa kukufungia rejeta ndogo ya oili mbele ya rejeta ya maji, lipa. Kule kukawia kushika gia ukikuona tena baada ya oili mpya, usiende Kalya.

SWALI: Shikamoo. Ninarina asali porini upande wa Sikonge, Tabora. Nina umri wa miaka 58 na goti langu la kushoto linauma sana nikikanyaga klachi. Watu wanasema porini ni lazima manyuali. Mawe kwetu si mengi, shida ni mchanga na makorongo. Ni kweli?
Msomaji wa kike, Tabora

JIBU: Marahaba, dada. Hapana, chukua otomatiki, na usiwaruhusu wakurudishe nyuma. Goti likigoma katikati ya korongo, klachi unaiachia kabla ya wakati wake, na hapo ndipo watu wanapogonga miti. Kwenye mchanga otomatiki ni nzuri kweli, kwa sababu haikati nguvu wakati wa kubadili gia, na gari linalokatiwa nguvu mchangani linazama. Punguza upepo wa tairi ukiingia, na uwe na pampu ya kuurudisha ukitoka. Jihadhari tu na magari madogo yanayoitwa ya mkanda, ambayo giaboksi yake inatumia mkanda badala ya gia, yasiyo na gia ndogo. Kwa kazi yako hayafai.

Jambo moja ulipangie mapema: otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Betri ikifa porini, vijana kumi hawatakusaidia. Nunua betri mpya siku unayonunua gari, beba nyaya za kuombea moto, na ukivutwa na gari jingine hakikisha giaboksi iko N na transfa nayo iko N.