Lori Likilala Nyuma, Usikimbilie Kununua Baluni

Madereva wengi wa njia ya Dar es Salaam kwenda Tunduma wakiona gari limelala nyuma, neno la kwanza ni "baluni limekufa", yaani ule mfuko wa mpira wenye upepo unaobeba uzito wa gari badala ya springi. Linanunuliwa jipya kwa pesa nyingi, linafungwa, na kabla ya kumaliza mlima Kitonga gari limelala tena. Miaka yote niliyotengeneza malori haya imenifundisha kuufuata upepo kuanzia kwenye kompresa, pampu inayoutengeneza, hadi unapoishia. Baluni ndilo la mwisho kulaumiwa.

Kwanza usalama, na hapa sikubali mjadala na tajiri mwenye haraka ya mzigo. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na upepo peke yake. Paipu ikichomoka, chesisi inashuka papo hapo. Zuia magurudumu, inua kwa jeki, kisha weka stendi za chuma chini ya chesisi.

Washa injini utazame geji. Malori mengi hujaza upepo hadi bar 8 au 10. Breki ndizo hupewa upepo kwanza. Kuna valvu ya kinga inayozuia mabaluni yasiunyang'anye. Kwa hiyo presha ikiwa chini, hata mabaluni mapya hayatajaa. Fungua pia koki za matenki. Yakitoka maji mengi, draya, kifaa cha kukausha upepo, imechoka. Yakitoka meupe yenye utelezi, yana mafuta ya kompresa, na mafuta hayo huharibu mipira ya ndani ya valvu.

Sasa njoo kwenye valvu ya levo, ile inayopima kimo cha gari, maana hapa ndipo ninapokuta matatizo mengi. Imefungwa kwenye chesisi, na mkono wake umeunganishwa kwa rodi nyembamba hadi kwenye ekseli. Mzigo ukiikandamiza chesisi, mkono unapanda, upepo unaingia kwenye mabaluni. Mzigo ukishushwa, mkono nao unashuka na upepo unatoka. Chomoa rodi, usukume mkono juu, halafu subiri sekunde kadhaa, kwa sababu valvu nyingine zimetengenezwa zichelewe. Mabaluni yakianza kujaa, valvu inapitisha upepo, igeukie rodi. Niliwahi kukuta rodi iliyopigwa na jiwe ikaungwa kwa waya njiani. Ilikuwa imepungua urefu kwa kiasi cha vidole viwili, ikawa inauvuta mkono chini na kuutoa upepo muda wote. Mabaluni yote yalikuwa mazima.

Rudisha mkono katikati, usikilize tundu la kutolea upepo. Likiendelea kupuliza, mara nyingi valvu ina uchafu au imelika.

Ndipo uchukue maji ya sabuni. Paka kwenye viungio, kwenye paipu zinazogusana na chuma, na sehemu ya chini ya baluni linapojikunja juu ya pistoni, yaani kitako chake kigumu. Tope hukaukia hapo na kuusaga mpira taratibu, kwa hiyo osha sehemu hiyo kila unapoosha gari. Baluni lililoanza kuonyesha nyuzi libadilishe, hata kama halijavuja.

Gari likiinama upande mmoja, angalia lina valvu ngapi za levo. Likiwa na moja, kwa kawaida mabaluni ya kulia na kushoto hugawana upepo, hivyo moja likivuja yote hushuka. Hapo kagua braketi, bushi na mpangilio wa mzigo. Likiwa na valvu mbili, linganisha rodi zake.

Halafu usijaze upepo shokapu zikiwa zimechomolewa. Kwenye mifumo mingi ndizo zinazozuia baluni lisivutike kupita kiasi.

Ukimaliza, pima kwa futi kutoka ekseli hadi chesisi, ulinganishe na kipimo cha mtengenezaji. Macho hayatoshi. Urefu ukikosewa, shafti inakaa kwa pembe mbaya na krosi, yaani viungio vyake, zinakufa mapema. Uzito nao unaweza kuhamia ekseli nyingine. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 gari lote lisizidi tani 56, lakini mizani inapima pia kila kundi la ekseli, na unaweza kutozwa faini kwa ekseli moja huku jumla yako iko sawa. Dereva akizidisha kwenye ekseli za nyuma na anajua mzigo ulipangwa vizuri, achukue futi kabla ya kuanza kuhamisha magunia.