Mchunguzi wa waheshimiwa: uliza kwanza nani anaweza kumfukuza

Kashfa ya kiongozi ikizuka na jina la atakayeichunguza likatajwa, mabishano huanza papo hapo. Huyu ni mtu wao. Yule ni mcha Mungu, hanunuliki. Huyu ni jaji mstaafu, ana nini tena cha kupoteza? Nayasikia kwenye daladala, kwenye misiba na zaidi kwenye magrupu ya WhatsApp, na kusema kweli yananichosha. Nimekaa karibu na kazi hiyo kiasi cha kujua kwamba uchamungu wa mchunguzi ni kitu cha mwisho cha kuangalia.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtumishi wa halmashauri moja (siitaji jina, na wengi wa pale bado tunasalimiana), na moja ya kazi zangu ilikuwa kuandika mihtasari ya kamati ya maadili ya madiwani. Hiyo ni kamati ya madiwani kuwachunguza madiwani wenzao. Mlalamikiwa anaingia, anasema "waheshimiwa", wanamwitikia "mheshimiwa", na hapo shughuli imeshaanza kulegea. Wakati mmoja diwani alilalamikiwa kwamba kazi ya kumwaga kifusi kwenye barabara ya kata yake amepewa ndugu yake. Mmoja wa wajumbe waliopaswa kumhoji, gari lake lilikuwa limebeba maturubai na viti vya harusi ya binti wa huyo huyo mlalamikiwa, wiki ile ile. Hakukuwa na bahasha wala simu ya vitisho kutoka juu. Mwenyekiti alisema kwa upole tu, "Jamani, tusivuane nguo," nami nikaelekezwa kuandika kwamba suala limejadiliwa kwa kina.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama anayechunguza wanasiasa anaweza kutokuwa na upande hata chembe, namjibu hapana, na wala hilo silioni kuwa balaa. Kila mtu ana aliyempigia kura, aliyesoma naye, aliyemkopesha. Balaa linaanza pale upande wake unapokuwa na nafasi ya kufanya kazi bila kuonekana. Mimi nina maswali manne ninayoyauliza kabla sijajali jina la mtu: nani kamteua, nani anaweza kumwondoa, ripoti anamkabidhi nani, na nani ana neno la mwisho. La kwanza ndilo watu wanalolipigia kelele, na kwa uzoefu wangu ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote.

Tazama Afrika Kusini. Thuli Madonsela aliteuliwa mwaka 2009 na Rais Jacob Zuma kuwa Mlinzi wa Umma, yaani anayechunguza malalamiko dhidi ya viongozi na ofisi za serikali. Mwaka 2014 akatoa ripoti kwamba Zuma alinufaika isivyo halali na fedha za serikali zilizotumika kwenye makazi yake ya Nkandla, na mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikasema hatua alizoagiza zinamfunga Rais mpaka mahakama izitengue. Aliwezaje kumgeukia aliyemteua? Ujasiri alikuwa nao, sikatai. Ila pia alikuwa na muhula mmoja wa miaka saba usioongezwa, na kumwondoa kulihitaji theluthi mbili ya Bunge. Hakuwa na mkataba wa kuombea nyongeza.

Aliyemfuata, Busisiwe Mkhwebane, alikalia kiti kile kile chini ya katiba ile ile. Alipochunguza kama Rais Cyril Ramaphosa alilidanganya Bunge kuhusu mchango wa kampeni, kanuni za maadili zilikuwa zinakataza kupotosha kwa makusudi. Ripoti yake ikasoma kana kwamba kanuni zinakataza hata kupotosha kwa bahati mbaya. Mahakama ya Katiba iliikataa tafsiri hiyo mwaka 2021, na Septemba 2023 Bunge lilimwondoa kazini. Naupenda mfano huu kwa sababu tumezoea kudhani upendeleo maana yake ni kumlinda mkubwa tu. Mchunguzi anaweza pia kumwinda mkubwa, na wanaoshangilia hawafungui ukurasa wa kanuni kuhakikisha. Ulinzi wa kiti hautoshi basi. Lazima awepo mwingine, kwa kawaida mahakama, wa kumchunguza mchunguzi.

Swali la nne ndilo watu wanalosahau. Uingereza, mwaka 2020, mshauri wa maadili wa Waziri Mkuu, Sir Alex Allan, aliona kwamba waziri Priti Patel alivunja kanuni kwa namna alivyowatendea watumishi. Waziri Mkuu mwenyewe, Boris Johnson, akasema hapana, hakuvunja. Waziri akabaki, mshauri akajiuzulu. Unaweza kuwa na mchunguzi mwadilifu kama malaika, lakini kama neno la mwisho ni la bosi wa mlalamikiwa, umepata barua ya ushauri. Mwaka uliofuata, katika sakata la sherehe za ofisini wakati wa zuio la korona, uchunguzi ulikabidhiwa kwa Simon Case, mkuu wa utumishi wa umma, naye akajitoa baada ya habari kutoka kwamba hata ofisini kwake kulikuwa na mkusanyiko. Kazi ikaenda kwa Sue Gray, mtumishi mwandamizi wa serikali. Gray akaandika ripoti ambayo wengi waliiona nzuri, kisha mwaka 2023 akatangazwa kuwa mkuu wa ofisi ya Keir Starmer, wakati huo kiongozi wa upinzani. Waliomtetea Johnson wakapata la kusema mpaka kesho, hata kama hakuna sentensi moja ya ripoti iliyogeuka kwa sababu hiyo. Ukiwahi kuteuliwa kwenye kazi kama hii, fikiria na ajira yako ijayo.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Kamishna wa Maadili huteuliwa na Rais, wajumbe wa Baraza la Maadili vilevile. Ukisimamia hapo tu utakata tamaa. Lakini Februari 2015 Baraza hilo, chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi, lilikaa Karimjee, Dar es Salaam, kusikiliza viongozi waliotajwa kwenye sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Escrow ya Tegeta, na lilikaa hadharani. Profesa Anna Tibaijuka, aliyekuwa Waziri wa Ardhi, aliulizwa kuhusu shilingi bilioni 1.6 alizopokea, akajitetea kwamba ni mchango wa shule, na waandishi wa habari wakiwa ukumbini. Mwananchi aliyefuatilia aliweza kupima mwenyewe nani kaulizwa swali gumu na nani kapapaswa. Linganisha na mwaka 2019, Spika Job Ndugai alipomwita Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), Profesa Mussa Assad, mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge kwa kauli yake kuhusu udhaifu wa Bunge. Assad hakuwa mwanasiasa, najua. Lakini angalia mpangilio: aliyeudhika ni Spika, anayeteua wajumbe wa kamati ni Spika, na ripoti inarudi kwenye Bunge linaloongozwa na Spika. Hiyo ndiyo kesi ya nyani kupelekewa ngedere, hata kama kila mjumbe aliingia na nia njema.

Sasa wewe mwenye lalamiko lako mkononi. Mengi ya hayo huyawezi kuyabadilisha, lakini unaweza kumpunguzia mchunguzi nafasi ya kujificha. Niliona barua za kurasa tatu zimejaa "fisadi mkubwa" na "wananchi tumechoka" zikizikwa kabla chai haijapoa. Ile ya kifusi haikuzikika. Aliyeiandika alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa na daftari la shule, mistari kaichora kwa rula: tarehe, namba ya gari, saa ya kufika, tripu ngapi. Pembeni kabandika nakala ya tangazo la zabuni. Kamati ilipoandika "kwa kina", aliomba kwa maandishi aonyeshwe hati za kupokelea kifusi zilizosomwa siku hiyo, akapeleka nakala kwa mkurugenzi na kwa mkuu wa wilaya. Kikao kikaitishwa upya. Mwenye gari la harusi akakumbuka ghafla kwamba ana udhuru.

Fanya kama yeye. Jambo moja kwa barua moja, maana ukichanganya matano watajibu lile jepesi. Taja kanuni iliyovunjwa, usitaje tabia ya mtu. Kama unamjua mjumbe mwenye uhusiano na mlalamikiwa, sema mwanzoni kabisa na kwa maandishi, uombe ajitoe na hilo liingie kwenye muhtasari. Ukinyamaza ukasubiri uamuzi, ukishindwa ndipo uanze kusema yule ni shemeji yake, hakuna atakayekusikiliza, na wala sitawalaumu. Ripoti ikitoka, kabla ya hitimisho tafuta orodha ya mashahidi. Aliyeshika fedha hakuitwa? Basi umeshajua kilichotokea.

Na kama umeteuliwa wewe kuchunguza, sema uhusiano wako kabla hujaulizwa, hata ule unaouona mdogo. Usipande gari la mlalamikiwa. Usimhoji ofisini kwake, kwenye kiti chake, akikuagizia soda.

Mengine ni ya karani, lakini ndiyo yaliyookoa malalamiko mengi niliyoyaona: peleka barua kwa mkono, masijala wagonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na nakala hiyo uondoke nayo siku hiyo hiyo, hata wakikuahidi kwamba kesho watakutolea fotokopi.